Beki, Kisogeze Kikombe

Juma lililopita, baada ya Magharibi, kijana mmoja wa Wete, kwetu Pemba, mwenye miaka 19 aliniandikia: "Shikamoo kaka. Kuna timu ya Bara inanitaka, wanasema nisaini kabla dirisha la usajili halijafungwa. Nifanyeje?" Anacheza beki wa kati, kama nilivyocheza mimi. Nilimjibu kwa ufupi kwamba asome kwanza, kisha nikabaki barazani kwa muda mrefu, maana swali hilo mimi nilistahili kumuuliza mtu miaka 13 iliyopita, nami sikuuliza.

Nilianzia ligi ya vijana ya Juvenile nikapanda hadi ya Central, nikacheza uwanja wa Gombani mbele ya watu waliomjua babu yangu kwa jina, na baadaye nikavuka kwenda Unguja kuchezea Ligi Kuu. Miaka hiyo haina mengi ya kusimulia. Kilichonifungulia mlango ni Kombe la Mapinduzi, ambalo Januari hutuletea vigogo wa Bara hadi mlangoni. Usiku mmoja pale uwanja wa Amaan nilimkaba mshambuliaji mgeni dakika zote 90, asipate hata shuti moja la kulenga lango, na hadi leo nikilikumbuka hilo kifua hunijaa. Asubuhi yake redio ilimtaja mwenzetu aliyefunga bao, ambaye sidhani kama aliugusa mpira mara kumi.

Hiyo ndiyo kazi yetu. Tangu tuzo ya mchezaji bora, Ballon d'Or, ianze mwaka 1956, mabeki walioitwaa ni watatu tu: Franz Beckenbauer, Matthias Sammer na Fabio Cannavaro, na huyo wa mwisho aliipata mwaka 2006. Hata Nadir Haroub, Mzanzibari mwenzetu aliyekuwa nahodha wa Yanga na wa Taifa Stars, watu walimpachika jina la Cannavaro, kana kwamba lake halikutosha. Mshambuliaji akienda kudai mkataba mpya huenda na mabao yake. Beki ataenda na nini, ilhali mpira ambao haukuingia wavuni hakuna anayeuhesabu? Hana wa kumsemea isipokuwa karatasi aliyoisaini.

Karatasi yangu niliisaini Dar es Salaam, saa nne ya usiku, ukumbini kwa kiongozi mmoja wa klabu ambayo sitaitaja. Feni ilikuwa inazipeperusha kurasa, naye akazikandamiza kwa kikombe chake cha chai. Kikombe kilikaa juu ya ukurasa wa nne, na mimi, kwa haya niliyolelewa nayo, sikuthubutu kukigusa mbele ya mtu mzima. Nikaonyeshwa pa kusaini, nikasaini. Chini ya kikombe kile palikuwa pameandikwa kwamba mchezaji akikaa nje kwa majeraha zaidi ya siku 60, klabu inaweza kuuvunja mkataba bila fidia.

Msimu wa pili, tukiwa mazoezini, niliruka kuuwahi mpira wa kona, nikatua kwa mguu mmoja, na goti likalia kama ukuni mkavu. Siku ya 61 nilipigiwa simu iliyokwisha kabla sijajibu salamu vizuri. Nilikuwa nadai mishahara ya miezi mitatu, na bado naidai. Mama alinipokea bandarini Mkoani. Hakuuliza neno, alilitazama goti tu, kisha akauchukua mfuko wangu wa njumu akaubeba mwenyewe.

Basi nisikilizeni, wadogo zangu mnaotaka kuvuka. Someni mkataba, tena mchana, na asome pamoja nanyi mtu asiyekula kitu katika usajili wenu. Kwa kanuni za FIFA mkataba wa mchezaji hauzidi miaka mitano, na wa aliye chini ya miaka 18 hauzidi mitatu. Tangu mwaka 2018 kanuni hizo zinasema pia kwamba klabu ikikunyima mishahara ya miezi miwili, nawe ukaidai kwa maandishi na kuipa angalau siku 15, ikishindwa kulipa unayo sababu ya haki ya kuondoka. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshatundika njumu, lakini nisijitetee kwa hilo, kwa sababu hata barua moja sikuandika. Nililalamika kwa simu, na simu ikikatwa hakibaki kitu mkononi. Someni mkataba, narudia. Ninyi mnaoingia kwa miguu miwili kwa mshambuliaji mwenye kilo 90 bila kupepesa macho, mnaogopaje kumwambia mtu aondoe kikombe chake?

Kijana wa Wete amenijibu jana. Amenitumia picha za mkataba wake, zimepigwa vizuri na zinasomeka, kurasa tatu. Chini ya kila moja pameandikwa kwamba mkataba una kurasa tano. Nimemwomba mbili zilizobaki, naye amesema atamuuliza wakala.