Kufufua Cherehani ya Zamani Ukiwa Kigoma

Watu wanaoniletea cherehani za zamani hapa Kigoma huanza kwa kuniambia kwamba mashine imekufa, na ushahidi wanaoutoa ni kwamba gurudumu la mkono halizunguki. Mimi huwajibu kwamba hiyo ni habari njema. Tangu niliponunua cherehani yangu ya kwanza ya miguu kwa familia moja ya Ujiji, ambayo baba yao alikuwa fundi wa kanzu, nimeona mara nyingi kwamba mashine iliyokwama lakini ina vipuri vyake vyote hurudi kazini, ilhali mashine inayozunguka vizuri lakini imepungukiwa na vipuri humsumbua mwenyewe kwa muda mrefu. Kukwama hutokana karibu kila mara na mafuta yaliyoganda, uzi uliojisokota mahali pasipoonekana, au kutu ya juu juu. Mambo hayo matatu huondolewa kwa mafuta safi na subira, na mtu yeyote mwenye mikono mitulivu anaweza kuyaondoa nyumbani kwake.

Mahali pa kwanza pa kutafuta ni majumbani mwa mafundi wa zamani. Ujiji kuna nyumba nyingi ambazo babu alishona kanzu na kofia barazani, na mashine yake bado imesimama uani au imegeuzwa kuwa meza ya kuwekea redio. Nikifika kwenye nyumba ya namna hiyo sianzi na bei. Nawaamkia wazee, naeleza kwamba nataka mashine ishone tena, kisha nasikiliza. Bibi mmoja alikataa kabisa kuniuzia mpaka nilipomwahidi kuwa sitaichinja cherehani ya marehemu mume wake kwa ajili ya vipuri, na nadhani alikuwa na haki ya kudai ahadi hiyo. Mkishakubaliana, omba na droo zake, makopo ya sindano na mfuko wowote wa vyuma vidogo uliohifadhiwa chumbani, kwa sababu bobini (kigurudumu cha uzi wa chini), nyumba ya bobini (kikombe cha chuma kinachoishikilia) na miguu ya akiba mara nyingi hukaa mbali na mashine yenyewe, na familia ikihama vitu hivyo hutupwa bila mtu kujua thamani yake.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni kutafuta Singer ya aina ya 15. Aina hiyo ilinakiliwa na viwanda vingi vya Asia, na cherehani nyingi nyeusi za Kichina zinazotumiwa na mafundi wetu, zikiwemo zile za chapa ya Kipepeo, zimefuata umbo lake. Matokeo yake ni kwamba bobini, nyumba ya bobini, ndoano (kipande cha chini kinachoukamata uzi wa sindano) na hata springi za kubania uzi zinapatikana kwenye vibanda vya vipuri, na zinaingia kwenye mashine iliyotengenezwa Uskoti kabla ya babu zetu kuzaliwa. Singer ya aina ya 66 ni mashine nzuri sana pia, ila bobini yake ina pande zilizobinuka kidogo, tofauti na ile bapa ya 15, na ukilazimisha moja mahali pa nyingine mshono hautakaa sawa. Zipo pia zile za aina ya 27 na 28, ambazo hazina bobini ya mviringo bali kijiti chembamba kinachokaa ndani ya chuma chenye umbo la mtumbwi, na chuma hicho huenda mbele na nyuma. Ukikuta mashine ya namna hii, funua kifuniko cha chini kwanza. Kama mtumbwi wake na kijiti chake havimo, usinunue, hata kama nakshi zake za dhahabu zinang'aa kiasi gani.

Ukitaka kujua umri wa Singer, tazama namba iliyogongwa kwenye chuma upande wa kulia wa kitako, chini ya gurudumu. Namba isiyo na herufi yoyote ni ya kabla ya mwaka 1900. Namba yenye herufi mbili zinazoanza na E ni ya kuanzia mwaka 1935, kutoka kiwanda cha Kilbowie huko Clydebank, Uskoti, kilichojengwa miaka ya 1880 na kufungwa mwaka 1980. Herufi K inayofuata namba ya aina, kama vile 15K au 66K, ni alama ya kiwanda hicho hicho. Usitegemee jina lililoandikwa kwenye mkono wa mashine peke yake, kwa kuwa maandishi hubandikwa upya kwa urahisi. Namba iliyogongwa kwenye chuma ndiyo ya kuaminika zaidi.

Hapa sina budi kusema jambo kuhusu bei. Mwaka 2009 ulienea uvumi huko Saudi Arabia kwamba cherehani za Singer za zamani zina zebaki nyekundu, kitu cha kubuni kinachodaiwa kuwa na thamani kubwa, watu wakawa wanazisogezea simu za mkononi ili kuzipima, na bei ikapanda hadi makumi ya maelfu ya riali kwa mashine moja. Zebaki nyekundu ya namna hiyo haipo. Ndani ya cherehani kuna chuma, mafuta na vumbi la nguo. Ukikutana na muuzaji anayetaka mamilioni kwa sababu ya habari hizo, mweleze ukweli kwa upole kisha uondoke, na ukikutana na mnunuzi anayezungumzia zebaki, usimpe pesa ya "kupima".

Kabla ya kulipa, mimi hutazama vitu vichache na sivihurumii. Naangalia kama mwili wa chuma umepasuka popote, hasa karibu na bawaba zinazoushikilia mezani, kwa sababu chuma cha kusubu hakiungiki kwa urahisi. Nafungua kifuniko kinachoteleza na kukagua ndoano: ncha yake iwe kali na nyororo, isiwe imevunjika. Naangalia bamba la sindano, sahani mbili za kubania uzi na nyumba ya bobini. Kwenye stendi natazama kikanyagio, gurudumu kubwa la chini, na fimbo inayoviunganisha. Meza ikiwa imeliwa na mchwa hainisumbui, kwa kuwa fundi seremala atakata nyingine ya mninga.

Sasa kazi yenyewe. Piga picha za simu kila upande kabla hujagusa parafujo hata moja. Tafuta bisibisi ambayo mdomo wake unajaza mfereji wa parafujo kikamilifu, na kama huna, noa uliyonayo kwenye jiwe mpaka ikae sawasawa. Nalisisitiza hili kwa sababu parafujo za Singer za zamani zina meno yake maalumu, hazifanani na zile za duka la vifaa vya ujenzi, na ukiharibu kichwa cha moja utahangaika kupata mbadala.

Toa sindano, mguu wa kukandamiza kitambaa na bobini. Fungua bamba la sindano, na hapo chini, katikati ya meno yanayosukuma kitambaa, karibu kila mara utakuta vumbi la nguo lililoshindiliwa likawa gumu kama ubao. Lichokonoe kwa pini na brashi ya meno iliyochakaa. Kisha tazama nyuma ya gurudumu la mkono, mahali uzi hujizungushia kwenye mhimili, na ndani ya njia ya ndoano, ambamo kipande kifupi cha uzi kinatosha kufunga mashine nzima. Nimeshuhudia cherehani iliyohesabiwa kuwa chuma chakavu ikianza kuzunguka mara tu kipande hicho kilipotolewa kwa kibano.

Kama bado imekwama, tia mafuta kila mahali chuma kinapokutana na chuma: kwenye matundu madogo ya juu ya mkono, nyuma ya kifuniko cha upande wa sindano, na chini yote baada ya kuilaza mashine mgongoni. Mafuta yawe yale mepesi, meupe, ya cherehani. Mahali palipoganda sana natangulia na mafuta ya taa kidogo, nje ya nyumba na mbali na jiko la mkaa, halafu nayafuta na kuweka mafuta ya cherehani. Kisha naiacha mashine juani. Jua letu la mchana hupasha chuma cheusi joto la kutosha kulainisha mafuta yaliyogeuka gundi, na huo ni msaada wa bure. Jioni nashika gurudumu kwa mkono mmoja na kulitikisa mbele na nyuma taratibu, bila nyundo, bila koleo, na bila kushika upau wa sindano ili kulazimisha. Likisogea upana wa ukucha, naongeza mafuta na kurudi kesho yake. Mzee aliyenifundisha kazi hii pale Mwanga alikuwa akiniondoa mkono kila nilipotaka kuongeza nguvu, na leo ninawafanyia hivyo hivyo vijana wanaokuja kwangu.

Hapa Kigoma nimekuta mara nyingi cherehani zilizotiwa mawese au mafuta ya kupikia. Naelewa sababu, maana mawese yapo kila jikoni na duka la mafuta ya mashine liko mbali, lakini mawese huganda ubaridi ukiingia, na mafuta mengi ya mimea yakikaa na hewa hugeuka kuwa gundi ya njano ambayo ndiyo hiyo tunayoiita kufa kwa mashine. Oili iliyotolewa kwenye gari nayo ina masizi na chembe za chuma zinazosaga mihimili. Kwa wanaotilia shaka kwamba mafuta yanayofaa yanaweza kuokoa chuma, tunayo meli yetu ya MV Liemba. Wajerumani walipoizamisha katika Ziwa Tanganyika mwaka 1916, ikiitwa Graf von Götzen, mafundi walizipaka injini grisi nzito kwanza. Iliibuliwa mwaka 1924, injini zikakutwa bado zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi kusafirisha watu. Cherehani iliyokaa stoo Ujiji haijapitia mateso ya namna hiyo.

Kuna sehemu moja nisiyoigusa bila sababu kubwa, nayo ni kibano kinachoshikilia upau wa sindano ndani ya uso wa mashine. Hapo ndipo kimo cha sindano kilipopangwa ili ndoano iukute uzi kwa wakati wake, na ukikilegeza, mashine itaruka mishono hata kama kila kitu kingine ni kizima.

Mwili wa nje usafishwe kwa pamba yenye mafuta yale yale ya cherehani. Usitumie spiriti, kwa sababu huyeyusha vanishi ya zamani na kuondoka na nakshi za dhahabu, na usikubali kushawishiwa kupaka rangi mpya. Rangi ya kupuliza huingia kwenye matundu ya mafuta na kufunika namba ya mashine, na mimi naona huzuni kila nikikutana na Singer iliyopakwa rangi ya geti.

Baada ya kurudisha vipuri, weka sindano mpya. Kwenye aina ya 15 upande bapa wa sindano huelekea kushoto na uzi hupitishwa kutoka kulia kwenda kushoto. Kwenye mashine nyingine, tazama kishikizo cha mwisho cha uzi kilicho juu ya sindano: upande kilipo ndipo uzi unapoingilia, na mfereji mrefu wa sindano ukae upande huo. Pitisha uzi mguu ukiwa umeinuliwa, kwa kuwa ndipo sahani za kubania zinapoachana, kisha shusha mguu kabla ya kupima ukazaji. Nyumba ya bobini ikining'inizwa kwa uzi wake inapaswa kukaa bila kuanguka, na ukiitikisa kidogo ishuke kidogo. Ikianguka yenyewe, kaza parafujo yake ndogo kwa sehemu ya robo ya mzunguko, upime tena.

Gurudumu likizunguka lakini sindano haipandi, usidhani umeharibu kitu. Nati kubwa ya katikati ya gurudumu hulegezwa wakati wa kujaza bobini, na nyuma yake kuna washa (pete bapa ya chuma) yenye vimasikio. Ikirudishwa kinyume, nati haibani hata ukikaza vipi. Itoe, igeuze, urudishe.

Mkanda wa ngozi hutanuka, kwa hiyo ukate ukiwa mfupi kwa sentimita moja au mbili kuliko kipimo, na uukaze kiasi cha kutoteleza tu, maana mkanda uliokazwa kupita kiasi hufanya kikanyagio kiwe kizito na miguu ichoke mapema. Gurudumu la mkono lizunguke kuelekea kwako daima, kwani likirudi nyuma uzi hukatika na kujisokota kwenye ndoano.

Mshono wa kwanza ufanyie vitambaa vibovu vya pamba, mpaka mafuta yaliyozidi yaishe kutoka kwenye upau wa sindano. Mimi hujaribu kitenge tabaka mbili, halafu nne, kisha pindo la jinzi, nikitazama pande zote mbili. Uzi wa chini ukilala kama mstari ulionyooka, ukazaji wa juu umelegea. Uzi wa juu ukifanya hivyo, umekaza mno. Mashine ya kazi ya kila siku itiwe tone moja moja kila sehemu kila asubuhi, na wakati wa masika, unyevu wa ziwa unapozidi, ifutwe kwa kitambaa chenye mafuta kila jioni na iachiwe kipande cha pamba chini ya mguu, ili kinyonye mafuta yatakayoteremka usiku yasije yakachafua nguo ya mteja.