Maswali ya wasomaji: Hesabu za kichwani zimenipotea

SWALI: Nauza vifaa vya ujenzi hapa Morogoro. Shuleni nilikuwa mwepesi wa hesabu za kichwani, lakini sasa hata saba mara nane nashika simu. Je, uwezo huo umekufa au unaweza kurudi?

JIBU: Unarudi, ndugu yetu. Jedwali ulilokariri utotoni halijafutika; kilichozorota ni wepesi wa kulikumbuka, na wepesi huo hujengwa kwa kujilazimisha kukumbuka. Kuliona jibu kwenye simu hakujengi chochote. Simu usiitupe, ila anza na kichwa, simu ifuate.

Mteja anataka mifuko 7 ya saruji, kila mmoja Sh 16,800. Ichukulie bei kuwa 17,000: mara 7 ni 119,000. Umeongeza 200 kwa kila mfuko, jumla 1,400. Ukiziondoa inabaki 117,600. Sasa bonyeza uhakikishe. Simu ikileta 1,176,000, utajua papo hapo kuwa sifuri imezidi. Asiyekadiria humsomea mteja kosa hilo bila kushtuka, na hiyo ndiyo hasara tunayoiogopa kuliko kuchelewa.

Chenji nayo, usihangaike kutoa. Panda kutoka kwenye bei. Bidhaa ni 13,700, umepewa noti mbili za 10,000. Weka mezani sarafu ya 100 na ya 200, umefika 14,000. Noti ya 1,000, umefika 15,000. Noti ya 5,000, umefika 20,000. Mteja ameona 6,300 yake ikihesabiwa.

Kwa VAT ya 18% juu ya bei isiyo na kodi, tafuta 10%, zidisha mara mbili, kisha punguza sehemu moja ya kumi ya ulichopata. Kwenye 47,500: 4,750, halafu 9,500, ondoa 950, kodi ni 8,550.

Wengi hukata tamaa kwa sababu huanzia mazoezi saa ya msongamano. Akili hushika namba chache kwa wakati mmoja. Mtu akiuliza bei ya misumari, ile uliyoibeba inadondoka. Tenga dakika 10 asubuhi kabla ya wateja. Zinazosumbua zaidi huwa ni jedwali la 6, 7, 8 na 9. Andika zile tu unazokosea, funika majibu, jipime leo, keshokutwa na baada ya wiki. Ukikosa moja, hiyo ianze upya. Katika kujumlisha, anza na mamia: kwa 468 na 275, mamia ni 600, ongeza makumi 130 ufike 730, kisha 8 na 5 ufike 743.