Samaki wangu aina ya duboisi kabeba mayai mdomoni na anadonoa mwani, anakula wanae?

Swali: Habari daktari, nafuga duboisi hapa Dar. Jike mmoja kabeba mayai mdomoni wiki ya tatu sasa, jana nimemuona anadonoa mwani kwenye jiwe na kutafuna. Anawala watoto? Nimtoe? Na nikimpa dagaa wa kusaga apate nguvu?

Jibu: Nzuri kaka. Usimtoe, hawali hao, anawalisha. Samaki wengi wanaolea mdomoni hawali kabisa mpaka watoto watoke, ila duboisi na ndugu yake moorii, wote wa Ziwa Tanganyika, jike anaendelea kudonoa huku kabeba, na watafiti wa Kijapani walishaliandika hili mwaka 1990. Mwangalie vizuri, utaona koo limetuna chini ya taya, anadonoa kidogo halafu anachezesha taya kama mtu anayesukutua, hapo watoto wanapata chakula humo humo ndani. Kwa kweli mimi sijaona malezi ya samaki yanayonivutia kama haya.

Huyu ni samaki wa mawe, anaishi kwenye miamba ya kaskazini mwa ziwa, Kigoma ikiwemo, mara nyingi kina kirefu kidogo kuliko moorii, na kwenye miamba mtoto mdogo anamezwa haraka sana. Ndo maana jike anataga mayai machache tu, kwa kawaida hayafiki 20, lakini makubwa hasa, anakaa nayo kama mwezi hivi na watoto wanatoka wakiwa wakubwa, weusi wenye madoa meupe, wanaanza kukwangua mwani siku hiyo hiyo. Madoa yakija kupotea baadaye usishtuke, wakikua kichwa kinakuwa cha bluu na mwili unapata mkanda.

Dagaa hapana kabisa! Utumbo wake ni mrefu mara kadhaa kuliko mwili kwa sababu ya kusaga mwani, ukimjazia nyama na mafuta tumbo linafura, anaacha kula, anatoa kinyesi cheupe kama uzi na anakufa, mara nyingi na wenzake wanafuata. Mpe chakula cha spirulina (aina ya mwani mdogo sana) kidogo kidogo, na taa iwake vya kutosha mwani uote kwenye mawe.

Wenzake wakimkimbiza ongeza mawe apate pa kujificha, ila wavu usiingize, akishtuka anawatema watoto kabla hawajawa tayari.