Filamu fupi ya watoto: mtu wa kwanza kumtafuta si kameramani

Mkuu, umesema una hadithi ya watoto ya dakika 10, hela kidogo, na hujui uanze na kameramani au dairekta mzoefu. Nakujibu kwa niliyoyapitia. Nilikuwa mwandishi na prodyuza wa filamu ya dakika 12 tuliyoshuti Bagamoyo, timu ya watu 9. Kabla ya hao wawili, tafuta mtu ambaye kazi yake ni watoto tu.

Sisi tulimpata dada mmoja, mwalimu wa chekechea, ambaye hakuwahi kukanyaga seti. Nilimchukua awape watoto uji na kuwapeleka msalani, basi. Siku ya pili mhusika wetu mkuu, binti wa miaka 8, akagoma. Dairekta anabembeleza, mama yake anakaripia, jua linapanda. Mwalimu akaja, akachuchumaa mbele yake, akaanza kumfunga kamba za viatu polepole bila kusema neno. Alipofika kiatu cha pili, mtoto akamnong'oneza: anaogopa lile dude lenye manyoya linaloning'inia juu ya kichwa chake. Kumbe ni maiki! Mtu wa sauti akaishusha, akamwacha aipapase, akamvisha hedifoni. Binti akasikia mawimbi, kisha akasikia mama yake akisonya kule mbali. Akacheka mpaka akakaa chini. Tukio lile tulilishuti mara 2 tu, likakubali.

Tangu hapo mwalimu akisema watoto wamechoka, kamera inazimwa na hakuna wa kubishana naye. Tukawa tunaanza saa 12 na nusu asubuhi, saa 4 tunafunga. Haikututia hasara. Bagamoyo jua linachomoza baharini, saa hizo mwanga unampiga mtoto usoni vizuri kabisa bila taa. Ikifika saa 5 kivuli kimeshaingia machoni na mtoto amekunja uso.

Wewe mwandishi usikabidhi skripti ukaenda zako. Mimi niliandika, "Bibi, ngalawa ya baba itarudi lini?" Binti akasema, "Bibi, mbona hairudi?" Nikaifuta yangu palepale. Hakuna mtu mzima ambaye angeisema vile.

Sasa bahari. Maji kujaa na kupwa husogea karibu dakika 50 kila siku, kwa hiyo pale mtoto aliposimama maji yakimfika magotini, siku chache baadaye saa ileile ni mchanga mtupu. Mzee mmoja mvuvi ndiye aliyetupangia ratiba. Akatuambia tushuti ufukweni wikiendi ya kwanza, ya pili tukae ndani ya nyumba, ya tatu turudi, maana baada ya wiki 2 bamvua, yaani yale maji makubwa, inarudi na maji yanakuwa karibu palepale. Yule mzee namhesabu ndani ya wale 9, na jina lake liko mwishoni mwa filamu pamoja na yetu.

Maji kweli yakarudi. Jino la binti halikurudi! Lilikuwa limeng'oka katikati ya wiki, jino la mbele, na nusu ya tukio tulishalishuti analo. Dada wa mwendelezo, anayepiga picha nguo na nywele kila tukikata, ndiye aliyeliona pengo. Tulikaa kimya chini ya mnazi. Mwalimu akamuuliza mtoto jino amelipeleka wapi. "Nimelirusha juu ya bati." Tukalishuti hilo: anarusha, anasubiri, linateleza juu ya bati, ti, ti, ti. Mlio wenyewe mtu wa sauti aliurekodi kwa kijiwe. Tulipowaonyesha watoto wa mtaani, shuka limetundikwa ukutani, hapo ndipo walipopiga kelele kuliko sehemu nyingine yoyote.

Mhariri aanze kazi mkiwa bado mnashuti. Kwa picha 25 kila sekunde, dakika 12 ni picha 18,000, na yeye ndiye atakayekwambia kuna uso wa mtoto haukupatikana wakati bado mnaweza kurudi.

Mwanamuziki muandikishane siku ya kwanza. Sisi tulikubaliana kwa mdomo; tamasha moja lilipotaka karatasi ya haki za muziki tukakwama wiki 3, na yeye akahisi tumemdharau. Aliumia, na bado inaniuma. Wazazi nao watie saini ridhaa, na kibali cha Bodi ya Filamu kiombe mapema, usingoje mpaka umeshakodi kamera.

Ukishampata mtu wako wa watoto, mpe skripti aisome kabla ya dairekta. Wa kwetu alikuta tukio ambalo mtoto analia peke yake usiku, akaniuliza, "Na baada ya hapo nani anambeba?" Nilikuwa sijaandika mtu. Ndiyo sababu bibi yumo.