Wateja wangu hawataki “ya kutolea”

SWALI: Shikamoo Shangazi. Napika chakula cha mchana Sinza na kukisambaza maofisini kwa bodaboda. Wali kuku nauza shilingi 7,000. Nawaambia wateja watume pesa kwenye namba yangu kabla chakula hakijatoka, pamoja na ya kutolea, yaani makato ya mimi kuitoa kwa wakala. Wengi wanagoma. Wanataka kulipa taslimu chakula kikifika, na bodaboda hana chenji. Mbona umeme wa LUKU wananunua kwa simu hizohizo?
Mama Lishe, Sinza

JIBU: Marahaba, mwanangu. LUKU akilipia, tokeni zinaingia hapohapo. Chakula chako kinaweza kukwama foleni ya Bamaga, kikafika kimepoa au hakina kachumbari, na pesa yake umeshaitia mfukoni. Kwa mteja mgeni, mwache alipe kwa simu mlangoni, mfuko ukiwa mkononi mwake. Wale unaowajua ndio uwaombe watangulize.

La pili ndilo linalonikera hata mimi, maana chakula cha mchana naagiza karibu kila siku. Nikishaambiwa 7,000, halafu meseji ikaja “weka na ya kutolea”, bei imepanda na mimi njaa inauma. Mteja anakatwa kwa kutuma, kisha unamdai gharama ya wewe kutoa! Unakumbuka Julai 2021 tozo ya serikali kwenye miamala ya simu ilipoanza? Watu waliokwisha kuzoea simu walirudi kwenye noti. Makato wanayaona, hata yakiwa madogo.

Chukua lipa namba, ile namba ya kupokelea malipo ya biashara, kwa jina la biashara yako. Nenda kwa wakala mkuu au duka la mtandao wako, na kabla ya kujisajili uliza mteja atakatwa nini, wewe utakatwa nini, na ukitaka kuhamishia benki ni kiasi gani. Uliza pia kama wateja wa mitandao mingine wataweza kuilipa. Kama gharama ipo, ipige kwenye bei: afadhali useme 7,300 tangu mwanzo kuliko 7,000 yenye mkia. Pesa nyingine usiitoe kabisa. Muuza mchele na muuza kuku wako huenda nao wana lipa namba.

Namba hiyo ichapishe, uibandike kwenye kila kifungashio. Mteja asome jina la biashara kwenye simu yake kabla hajaweka namba ya siri. Asimtumie bodaboda kwenye namba yake binafsi, hata akiombwa kwa upole, maana jioni hesabu zitawagombanisha.

Tena usikubali bodaboda aonyeshwe meseji kwenye simu ya mteja akaondoka. Meseji za kughushi zipo nyingi. Akifika akupigie, wewe uangalie kwenye simu yako kama malipo yameingia, ndipo umwambie aachie chakula. Saa saba mchana oda zikiwa nyingi, mpe mtu mmoja jikoni kazi hiyo tu.