Kabla ya Kupiga Windows Upya, Iulize Kerneli

Ukipeleka kompyuta kwa fundi hapa Kampala ukalalamika kwamba printa imegoma, jibu linakuja upesi: tupige Windows upya. Mimi nakula kwa kazi hii, na nakushauri usikubali haraka. Mara nyingi utarudishiwa mashine safi, mafaili yamepotea, na printa bado imenuna.

Programu yako, iwe Word au ile ya kutolea risiti za EFRIS (mfumo wa risiti za kodi wa Uganda) dukani, haigusi printa yenyewe. Inaomba kwa kerneli, kiini cha mfumo endeshi, nayo kerneli inamtuma draiva, yaani programu ndogo inayokijua kifaa kile. Prosesa inaulinda mpaka kati ya programu na kerneli: programu ya kawaida ikijaribu kuuvuka, inazuiwa papo hapo. Draiva nyingi, kinyume chake, zinakaa ndani ya kerneli, na ikianguka moja inaweza kuangusha mashine nzima. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta ambayo draiva yake inakaa humo, liliangusha kompyuta za Windows zinazokadiriwa kuwa milioni 8.5. Kwa hiyo zile programu za bure zinazojigamba kusasisha draiva zako zote, achana nazo kabisa. Unampa mtu usiyemjua ufunguo wa chumba cha ndani.

Swali la kwanza ni kama kerneli imekiona kifaa. Kwenye Windows fungua Device Manager, kisha chomeka waya. Orodha isipotikisika hata kidogo, acha kutafuta draiva. Badilisha waya, jaribu tundu jingine, toa vumbi (na vumbi letu jekundu mnalijua). Kikitokea na alama ya mshangao ya njano, ingia Properties, halafu Details, uchague Hardware Ids. VID ni namba ya mtengenezaji: VID_04B8 ni Epson, VID_03F0 ni HP. Namba ya PID inayofuata ndiyo inayotaja modeli. Ukiwa na namba hizo, chukua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji.

Kwenye Linux, fungua terminal, andika sudo dmesg -w (inaonyesha ujumbe wa kerneli) kisha chomeka. Wanafunzi wanaocheza na bodi za Arduino za bei nafuu (bodi ndogo za kujifunzia elektroniki) wataona 1a86:7523, yaani CH340, chipu inayoiunganisha bodi na USB, na kifaa kitajitokeza kama faili: /dev/ttyUSB0. Hapo wengi wanakwama kwenye "Permission denied" na kulaumu draiva. Draiva haina kosa. Andika ls -l /dev/ttyUSB0. Kwenye Ubuntu utaona crw-rw----, mwenye faili ni root (msimamizi mkuu wa mfumo), kundi ni dialout. Wewe hujaingizwa kwenye kundi hilo. Jiingize kwa sudo usermod -aG dialout $USER, toka kwenye akaunti, ingia tena. Usitumie chmod 666, amri ya kumfungulia kila mtu faili hilo: ukichomoa waya faili linafutwa, ukirudisha linaundwa upya, na ruhusa zako zimekwenda na maji.

Kama unatumia Ubuntu 22.04 na ttyUSB0 inatokea kisha inatoweka palepale, mtazame brltty. Ni programu ya vifaa vya Braille kwa wasioona, na inaidhania CH340 kuwa kifaa chake, hivyo inaipokonya. Dmesg itaitaja kwa jina. Kama hakuna anayetumia Braille kwenye mashine hiyo, sudo apt remove brltty, chomoa, chomeka tena.