Pua inakwenda kulia, mimi nataka kushoto

SWALI: Papa Fundi, jambo. Nimeunda ndege ya rimoti ya mabawa mawili, upana mita 1 na kidogo. Nikiilaza kushoto, pua inakwenda kulia kwanza, halafu ndiyo inarudi. Eleroni (vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyopanda na kushuka) za chini zina serivo (mota ndogo ya kuzisukuma), kila upande yake. Za juu zinavutwa na fimbo. Rafiki yangu anasema ninunue rimoti nyingine. Ni kweli?
Msomaji, Katuba, Lubumbashi

JIBU: Ndugu wa Katuba, pesa ibaki mfukoni. Eleroni inayoshuka inanyanyua bawa, lakini inakamata hewa kuliko ile inayopanda. Basi bawa lako la kulia linapanda huku likivutwa nyuma, na pua inalifuata. Na wewe upande huo una eleroni mbili za kushuka, si moja!

Dawa ni kuziacha zipande sana, zishuke kidogo. Tiger Moth, ndege ya mabawa mawili ya Uingereza iliyoruka mara ya kwanza 1931, eleroni zake zimefungwa hivyo, tena ziko bawa la chini tu.

Washa rimoti, vijiti vikae katikati, ndipo ufunge mkono wa serivo. Kama mkono na pembe ya eleroni (kile kijipembe kinachoshika waya unaotoka kwa serivo) vyote vinatokea chini ya bawa, usiuache wima: usogeze jino moja la mhimili wa serivo kuelekea mbele. Kisha rekebisha waya mpaka eleroni ilale sawa na bawa. Pima kwa rula. Yangu naipa milimita 12 juu, 7 chini. Na ukigeuka, saidia kidogo kwa usukani wa mkia.

Sasa ile fimbo, ndiyo inayosumbua watu. Bawa la juu likitangulia la chini, fimbo nayo ilale vilevile, na ishike eleroni zote mbili kwa umbali uleule kutoka kwenye bawaba. Ukiisimamisha wima, ya juu na ya chini hazitakwenda sawa. Mimi natumia spoki ya baiskeli. Serivo ikilia kama mbu na hujagusa kijiti, kitu kinabana.

Kabla ya kurusha, simama nyuma ya ndege. Mimi siku moja sikusimama, eleroni zilikuwa kinyume, ndege ikaenda kulala kwenye kichuguu njia ya Kipushi. Kichuguu hakikupata hata alama. Peleka kijiti kushoto: za kushoto zipande, zote mbili.